Wa Tano

Kwetu mtoto wa kiume huja na jina lake, ni hesabu tu:
Baluku, Bwambale, Masereka, Kule,
halafu mimi, Thembo, wa tano,
niliyefungua macho nikakuta mashati yote yameshavaliwa.

Basi Kabugho wa hospitali ya Bwera
alipotoa uti wa mgongo wa plastiki kwenye bahasha ya kaki,
akauning'iniza kwenye msumari wa kalenda,
nikaona: hata huku ndani tumepangwa kwa kuzaliwa.

"Za shingo saba," akasema, akizigusa kwa kalamu.
"Ya kwanza ni pete, imebeba kichwa,
ndiyo inayoitikia ukikubali.
Ya pili ina jino. Kichwa huzungukia hapo ukikataa."
Nikajaribu. Nikakubali, nikakataa.
Ile ya kwanza imenifanyia kazi sana maishani,
ya pili ni kama mpya.

"Twiga anazo ngapi?"
"Saba."
"Na tembo?"
"Saba vilevile. Usinipotezee muda, Thembo."

Kumi na mbili za kifua,
kila moja imeshika mbavu zake mbili, kulia na kushoto,
kama mama anayevusha watoto barabara siku ya soko.
Kisha tano za kiuno, nene, zimejikalia.
Chini yake nyingine tano zilizoungana zikawa mfupa mmoja, kitokono,
ndugu waliokataa kugawana shamba.
Mwisho kifandugu, lakini kwenye ile plastiki hakikuwepo.
"Mwanafunzi mmoja aliondoka nacho," akasema.
"Sijui alitaka mkia wa nini."

Na katikati, toka juu, tundu baada ya tundu,
unapita ugwe wa mgongo, mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho.
Amri zote za miguu yangu zimepita humo.

Kati ya pingili na pingili kuna gegedu:
pembeni ngumu, moyoni uji mzito.
Ukilala hufyonza maji, huvimba,
ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni.
Hilo nililijua bila kulijua.
Kakao ya ng'ambo ya mto, pale Mpondwe,
gunia kilo mia, gunia shilingi elfu moja;
alfajiri hugonga kichwa nikitoka mlangoni kwangu,
magharibi napita bila kuinama.

Akafika chini, kati ya ya nne na ya tano,
kati ya Kule na Thembo.
Hakusema kitu. Akaibonyeza gegedu kwa dole,
ikachomoza nyuma, ikagusa uzi wa manjano,
mshipa wa fahamu unaoshuka tako, paja,
muundi, hadi kidole gumba cha mguu.
Nikaruka kitini,
ingawa aliyeguswa ni plastiki.

"Huyu wa tano," akasema, "ndiye anayewabeba wote walio juu yake."
Kichwa, mikono, gunia,
na mwenye gunia, aliyesimama kivulini akisema haraka, haraka,
maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Wiki sita usibebe."
Kichwa kikaitikia. Ile pete, iliyozoea.
Sikumwambia kodi inalipwa Ijumaa.

Usiku nililala kifudifudi mkekani.
Masika, binti yangu, akataka kuziona hizo pingili.
"Anzia saba," nikamwambia, "za juu zimejificha."
Kidole chake kilinukia maganda ya muhogo.
Saba, nane, tisa,
akipanda na kushuka kama kwenye njia za mlimani,
kumi na nane, kumi na tisa, ishirini,
akasimama. Shuleni kwao bado hawajapita hapo.

"Baba, zimebaki ngapi?"

"Nne," nikasema. "Shuka polepole."